Pampu kubwa ya mafuta haiongezi nguvu ya gari

Kwenye gereji za Ngamiani, Tanga, mwenye Subaru Forester ya turbo huambiwa: funga pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, gari litaruka. Si kweli. Kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye injini huamuliwa na kontroli boksi (kompyuta ya injini) kupitia nozeli zinazonyunyiza mafuta. Kwenye gari lenye bomba la kurudishia, yanayozidi hurudi tangini tu.

Hata hiyo lita 255 kwa saa hupimwa kwa presha na volti maalumu. Turbo ikisukuma hewa kwa baa 1 (baa ni kipimo cha presha), regyuleta, yaani kidhibiti presha, hupandisha presha ya mafuta, tuseme kutoka baa 3 hadi 4, na presha ikipanda mafuta yanayotolewa na pampu hupungua, wakati uleule injini inapoyadai mengi. Yasipotosha, injini hugonga na pistoni zinaweza kutoboka. Hili ndilo la kuogopa!

Kwa hiyo muulize muuzaji pampu hutoa lita ngapi kwa presha yako. Halafu, tafadhali, pima volti kwenye plagi ya pampu gari likiwa linavuta. Hewa yetu ya bahari hula viungio vya waya, volti hushuka, na pampu nzuri huonekana mbovu. Mara nyingine waya mnene wenye rilei (swichi ya umeme) yake hutosha.