Yule chui wa Kyoto si jike la chui milia

Katika kasri la Ninomaru, ndani ya ngome ya Nijō mjini Kyoto, wachoraji wa ukoo wa Kanō walipamba kuta kwa dhahabu na chui milia waliojilaza kati ya mianzi, na pembeni yao wakamweka mnyama mwenye madoadoa. Kwa karne nyingi Wajapani waliamini kwamba huyo ndiye jike lao. Sivyo: ni chui, spishi tofauti kabisa, na jike la chui milia lina milia sawasawa na dume. Kosa hilo naliona la kueleweka, kwa kuwa Japani haikuwa na yeyote kati yao porini; wachoraji walitegemea ngozi zilizoletwa kwa meli, nazo hazionyeshi nani alizaa na nani.