Chenga, si unga: cheni ya msumeno mbele ya mpingo

Wiki iliyopita vijana wawili walinijia gereji hapa Nangurukuru, chenso wameipakia kwenye bodaboda na cheni wameiviringisha kwenye kipande cha kanga. "Shikamoo, fundi," akaanza mkubwa wao. "Hii cheni tumeuziwa feki. Tumeinunua juzi, mpingo wa pili tu, imekufa." Nikaitikia marahaba, nikatoka nayo juani, nikawa nageuza jino moja moja. Kila ncha ilinirudishia mwanga, kama kauzi keupe kamelazwa ukingoni mwa jino. Jino kali halifanyi hivyo. Ncha yake ni nyembamba mno, haina pa kushika mwanga, ukiitazama unaona giza tu. Ukiona inameta, ujue makali yameshakuwa mviringo.

Cheni haikuwa feki. Waliikatia mpaka makali yakaisha, kisha wakaendelea kuikatia. Hata upanga wake, ule ubapa wa chuma ambao cheni inauzunguka, ulikuwa umeiva rangi ya buluu pembeni.

Nimenoa cheni miaka mingi, na wateja wangu wengi ni watu wa miti migumu: mpingo, mkongo, mkwaju. Nilichojifunza ni kwamba mpingo hauui cheni. Cheni inauawa na zile dakika kumi ambazo mkataji anajua kabisa makali yameisha, ila anajiambia ngoja nimalizie gogo hili.

Mpingo ukiutupa majini unazama. Mita moja ya ujazo ya kiini chake kikavu inapita kilo 1,200, wakati paina wa Sao Hill, kule kwenye mashamba ya miti ya Mufindi, haufiki nusu ya hapo. Ndiyo maana Wamakonde wanauchonga, na mafundi wa Ulaya wanautafuta kwa ajili ya klarineti na obo. Sasa, kwenye paina hata cheni butu inakula, polepole lakini inakula. Kwenye mpingo jino butu halichimbi, linasugua. Kusugua kunaleta joto, joto linapunguza nguvu ya chuma pale pale kwenye ncha, na ncha iliyolegea inazidi kusugua. Mkataji naye anakandamiza. Hapo klachi inaungua, kingo za upanga zinaliwa, cheni inarefuka, na mtu anarudi mjini kulaumu duka.

Basi jicho lako liwe kwenye kinachotoka. Wengi wamefundishwa kwamba cheni kali hutoa vipande vikubwa kama maganda ya karanga. Hiyo ni kweli kwa mti laini. Ukisubiri maganda ya karanga kwenye mpingo, utanoa mpaka jino liishe bila kuyaona. Mpingo ukikatwa na cheni nzuri unatoa chenga, kama chenga za mchele, ukizibana vidoleni unazisikia. Chenga zikigeuka unga wa sembe, zima mashine. Usingoje moshi. Moshi ni taarifa ya msiba, si ya ugonjwa. Dalili nyingine ni mikono yako: msumeno mkali unajivuta wenyewe kuingia kwenye mti, wewe unaushikilia tu. Siku ukijikuta unausukuma kwa tumbo, umeshachelewa. (Na unga wa mpingo si wa kuchezea. Unawasha ngozi na kuziba kifua. Funga kitambaa puani, na simama upande upepo unakotoka.)

Utaratibu wangu kwa mpingo ni kunoa kila tangi la mafuta linapoisha, hata kama cheni inaonekana nzima. Ukiiwahi, kila jino linataka mipigo miwili au mitatu ya tupa. Ukichelewa, mipigo 15 na bado hujafika kwenye chuma kizima. Vijana wanaona kunoa mara kwa mara ni kumaliza cheni, lakini piga hesabu mwenyewe: anayenoa kidogo kidogo anapoteza chuma kama unywele, anayengoja anapoteza robo ya jino kwa mkao mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa huku kwetu naliona ni kubwa kuliko ugumu wa mti wenyewe, nalo ni mchanga. Mti wa porini si msafi. Mchwa wamejenga vichuguu vyao vya udongo kwenye gome mpaka juu. Moto wa kila kiangazi umepita ukaacha majivu, mvua ikarusha mchanga mita nzima kutoka chini. Sehemu zenye tembo, mti ambao tembo aliyetoka kugaagaa matopeni amejisugulia umepakwa udongo mzito ulioganda. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko jino la cheni. Mtu anakata mpingo mmoja, makali yanakwisha, anasema mpingo ni mgumu, kumbe makali yalikwisha kwenye gome kabla hata hajagusa mti.

Dawa yake ni panga. Kabla ya kuwasha msumeno, zunguka shina ukibandua gome pale utakapokata, upana wa kiganja unatosha. Inachukua dakika mbili. Nilipoanza kazi hii niliona ni mambo ya wazee, mpaka siku niliyoharibu cheni tatu kabla ya adhuhuri kwenye visiki vilivyokuwa na udongo hadi magotini. Tangu siku hiyo panga liko kiunoni. Gogo likiwa chini, liwekee magongo mawili lisilale ardhini, kwa sababu ncha ya msumeno ikigusa mchanga sekunde moja tu, kazi yote ya asubuhi imekwenda. Angalia pia waya. Watu hutundika mizinga ya nyuki, mti unakua na kuumeza waya, na nje hakuna alama isipokuwa kovu dogo.

Kuhusu aina ya cheni, ukienda dukani utakutana na mbili. Moja jino lake limekatwa pembe kali kama kona ya sanduku, nyingine kona yake imeviringishwa. Ya pembe kali inakwenda mbio sana kwenye mti laini na safi, muuzaji atakusifia hiyo. Kwa mpingo chukua ya mviringo. Inakata polepole kidogo, lakini kona haivunjiki haraka na inavumilia uchafu. Kuna na zile zenye vipande vya kabaidi kwenye meno, ambazo vikosi vya zimamoto huzitumia kutoboa mapaa. Ni ngumu kweli, ila hazinolewi kwa tupa, zinataka jiwe la almasi, na zikigonga msumari vile vipande vinaruka. Kwa mtu anayefanya kazi siku mbili mbali na umeme, mimi simshauri.

Pembe ya kunolea nayo ina siri yake. Cheni nyingi za kawaida zimechorwa mstari juu ya jino kukuonyesha nyuzi 30. Kwa miti migumu mimi napunguza mpaka 25. Sababu ni ile ile inayokufanya usipasue kuni kwa wembe. Wembe ni mkali kuliko shoka, lakini wembamba wake hauvumilii. Jino la nyuzi 25 lina nyama zaidi nyuma ya ncha, linapoteza mbio kidogo na linakaa muda mrefu. Kwa anayepasua gogo kwa urefu kutoa mbao, hapo ni mambo mengine kabisa, nyuzi 10 hivi, tutaongea siku nyingine.

Tupa lazima ilingane na cheni. Cheni ya inchi 3/8 (ndicho kipimo cha pingili zake) ya mashine kubwa inataka tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji, ya inchi .325 inataka 4.8, na ile nyembamba ya mashine ndogo inataka 4. Ukitumia tupa nyembamba kuliko inavyotakiwa, inachimba chini na kufanya ncha kama kulabu. Inauma vizuri kwa dakika tano, kisha inavunjika. Ukitumia nene, ncha inalala nyuma na haiumi kabisa. Tupa ikae hivi kwamba sehemu ya tano ya unene wake inachungulia juu ya jino. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inyanyue unaporudi. Usiisugue mbele na nyuma kama unapiga mswaki, unaua tupa. Sehemu ya nje ya jino imepakwa kromu, ngozi nyembamba lakini ngumu sana, na ndiyo inayoshika makali. Ukipiga kutoka nje kuja ndani, tupa inajichubua juu ya kromu hiyo.

Anza na jino lililoumia kuliko yote, lipate makali, hesabu mipigo, halafu yote mengine yaje urefu huo. Hapa wengi wanateleza. Mtu wa mkono wa kulia ananoa vizuri upande mmoja na upande wa pili anapapasa. Meno ya kushoto yanakuwa marefu kuliko ya kulia, na msumeno unakata ukipinda kama mwezi mchanga. Kwenye mti mlaini unaulazimisha unanyooka. Kwenye mpingo unakwama humo humo, ukautoe kwa kabari.

Mbele ya kila jino kuna kinundu. Hicho ndicho kinachopima jino lizame kiasi gani, na kwa cheni za kawaida tofauti kati yake na ncha ni milimita 0.65 hivi. Kadiri unavyonoa, jino linashuka, na kinundu kinabaki juu, hivyo cheni inakuwa kali na bado haikati. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, weka kipimo chake juu, shusha kinundu kwa tupa bapa, kisha viringisha ukingo wake wa mbele. Lakini vijana wangu wana tabia ya kukishusha kwa macho, tena sana, "ili iume". Kwenye mpingo cheni ya namna hiyo haiumi, inarukaruka. Inadaka, inaachia, inadaka, na ikidakia kwenye ncha ya juu ya upanga, msumeno unapiga teke kurudi usoni kwako. Nina mteja mwenye mshono wa bega kwa sababu ya nusu milimita. Kwa mti mgumu kosea upande wa juu, usikosee upande wa chini.

Mashine ya kunolea ya umeme ninayo, naitumia kwa cheni iliyogonga waya tu. Ukiliegemeza jiwe sekunde moja zaidi, ncha inakuwa ya buluu. Jino kama hilo ama limelegea, ama limekauka kama kioo mpaka tupa inateleza juu yake. Mguso mfupi, acha ipoe, rudia.

Mambo ya oili ya kulainisha cheni nitayapitia haraka maana nimeshayasema sana. Oili chafu ya gari ina chembe za chuma na inaziba tundu la kupitishia oili. Kabla ya kuanza, elekeza ncha ya upanga juu ya jiwe jeupe au karatasi, pandisha mwendo wa mashine, uone mstari wa oili umejichora. Kama haujichori, usikate. Sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, ikiwa imeliwa itakula na cheni mpya, kwa hiyo nunua cheni tatu, zizungushe, zizeeke pamoja na sproketi. Tena cheni tatu zilizonolewa nyumbani, mezani, kwenye mwanga, ni bora kuliko moja inayonolewa magotini msituni vumbi likipeperuka.

Na hii cheni tunayoihangaikia ina asili ya kuchekesha. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alikaa akimtazama buu wa mbawakawa akipita ndani ya gogo, anakata kushoto na kulia kwa mataya yake mawili, hajali mshipa wa mti umelala vipi. Akaiga. Kabla ya hapo cheni zilikuwa na meno yanayokwaruza kama msumeno wa mkono, na kunoa kulikuwa kazi ya siku. Meno yetu yanayopishana, la kushoto kisha la kulia, ni mataya ya yule mdudu.

Kuna aliyeniuliza juzi, mbona mvule unamlia cheni kuliko mpingo, na mvule si mgumu kiasi hicho. Si wewe. Mvule mara nyingine unaficha jiwe ndani yake, jiwe kweli, la chokaa, mti umelijenga wenyewe, na nje huoni kitu. Hapo hakuna pembe ya kunoa itakayokusaidia. Dalili ni mti kuwa mweusi zaidi kuzunguka mahali hapo, au msumeno kubadilika sauti ghafla, kama umegonga kigae. Ukisikia hivyo achia mafuta papo hapo, toa upanga, chukua patasi na nyundo, litoboe lile jiwe utoke nalo, ndipo urudishe cheni. Na usirudishe ile iliyogonga jiwe, weka nyingine kwanza.