Tawimto huingia, halitoki

Nimemsikia tena mtu akieleza, bila hata kusita, kwamba Hooghly, mto unaopita Kolkata huko India, ni tawimto la mto Ganga (Ganges). Siyo. Tawimto ni mto unaomwaga maji yake katika mto mwingine. Maana ndiyo hiyo tu. Hooghly haumwagi hata tone ndani ya Ganga. Unachota humo na kwenda zake baharini.

Nadhani lawama ni ya neno lenyewe. Ukisikia "tawi" unaona mti, na tawi la mti huchomoza kwenye shina likaenda nje. Mfano huo haukubali mpaka uyaache maji yaende kinyume: yaanzie ncha za matawi, yashuke shinani, yatokee mizizini. Matawi ya Ganga yako Himalaya. Mizizi iko Bengali, mto unapogawanyika kabla ya kufika baharini. Hooghly ni mzizi, au kwa jina lililozoeleka, mkono wa mto.

Huko juu, katika jimbo la Uttarakhand, mto Alaknanda hupokea Dhauliganga pale Vishnuprayag, Nandakini pale Nandaprayag, Pindar pale Karnaprayag, na Mandakini pale Rudraprayag. Hilo "prayag" ni makutano ya mito, kwa hiyo ramani yenyewe imeshakwambia kila kitu. Ya tano ni Devprayag, ambapo Alaknanda hukutana na Bhagirathi unaotoka kwenye barafu ya Gangotri. Ni hapo tu ndipo jina Ganga linapoanza. (Wahindu wengi huuhesabu Bhagirathi kuwa ndio chanzo, ingawa Alaknanda una maji mengi zaidi. Ugomvi huo siuingilii.)

Kuna jambo moja linalonifanya nisikasirike sana: sehemu ya juu ya Hooghly nayo huitwa Bhagirathi! Jina moja, mito miwili. Wa milimani huleta maji, wa Bengali huondoka nayo, na tangu 1975 kizuizi cha Farakka huelekeza maji ya Ganga kwenye mkono huo ili tope lisizibe bandari ya Kolkata.

Basi ndugu yangu, Kolkata iko kando ya mkono wa Ganga. Kama ulitaka tawimto, rudi nyuma kidogo hadi jimbo la Bihar: Kosi, unaoshuka kutoka Nepal, huingia Ganga huko, kabla ya Farakka.