Majeruhi wa taya halazwi chali

"Tumemlaza vizuri, daktari, hatujamtikisa hata kidogo." Maneno haya nimeyasikia Goma tangu mapigano ya Januari 2025, kwa ndugu wa majeruhi, kwa majirani, hata kwa wahudumu waliosomea kazi hii. Nikiyasikia tu, natimua mbio kwenda kwa majeruhi.

Wengi wanaamini kwamba aliyepigwa risasi ya taya alazwe chali, afungwe kidevu kwa kitambaa, kisha asubiriwe gari. Ndiyo njia ya kumuua. Ulimi umeshikwa kwa mbele, nyuma ya kidevu. Risasi au kipande cha bomu kikivunja taya la chini pande zote mbili, kidevu kinabaki kinaning'inia na ulimi hauna tena pa kujishikiza. Ukimlaza chali unadondokea kooni, damu inafuata, na meno yaliyong'oka yanafuata. Kile kitambaa nacho, kinachozungushwa kichwani vilevile kama anavyofungwa maiti, kinasukuma kidevu nyuma zaidi na kuziba mdomo ambao damu ingetokea. Anakosa hewa huku waliomzunguka wakisema ametulia.

Aketi! Ainame mbele, viwiko magotini, damu na mate vidondoke chini. Akihangaika kuinuka, msimkandamize, anatafuta pumzi. Aliyezimia alazwe kiubavu, mdomo ukielekea chini. Huwa naulizwa, "Na shingo je?" Mtu aliyepigwa risasi ya taya, yuko macho na anatembea, ni nadra sana shingo yake kuwa imevunjika, lakini koo linaweza kuziba kwa dakika chache. Aliyerushwa na mlipuko, mgeuzeni kichwa na mwili kwa pamoja.

Nilimpokea kijana aliyeletwa na motari, yaani dereva wa pikipiki, ameketi katikati ya dereva na kaka yake, paji la uso limeegemea mgongo wa dereva. Koti la dereva lililowa damu kutoka mabegani hadi mkandani. Kidevu chote kilikuwa kimesagika, na kijana alikuwa anapumua. Wiki ileile akaletwa mwingine mwenye jeraha dogo kuliko hilo, chali juu ya godoro nyuma ya gari, kidevu kimefungwa barabara. Tulipofungua kitambaa alikuwa ameshaanza kupoa.

Wala si elimu mpya. Katika vita ya 1914–1918, William Kelsey Fry, daktari wa Uingereza, alimtoa mstari wa mbele askari aliyevunjika taya kwa kumtembeza ameinamisha kichwa. Waliompokea wakamlaza chali kwenye machela, akafa. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado tunazika watu kwa kosa hilohilo.

Mengine niyataje upesi. Eti risasi ni ya moto, hivyo inaua vijidudu: haiui, inaingia na udongo na nyuzi za nguo, kwa hiyo dawa na sindano ya pepopunda ni lazima. Eti risasi itolewe kwanza: iliyotulia kwenye nyama, mbali na mshipa mkubwa na kiungo cha taya, mara nyingi huachwa. Eti vipande vya mfupa vivutwe vitupwe: kipande kilichoshikwa na nyama bado kinapata damu, na ndicho nitakachojengea taya. Naomba mtu asikiguse kabla yangu. Eti askari mwenye fulana ya kuzuia risasi amekingwa: kwa Wamarekani waliopigana Iraq na Afghanistan, karibu asilimia 30 ya majeraha yalikuwa ya kichwa, uso na shingo, kwa sababu fulana hukinga kiwiliwili tu.

Na akina mama huniambia mtoto wao akifungwa nyaya za meno, zile zinazobana taya la juu na la chini pamoja ili mfupa uunge, atakufa njaa. Hafi, mama. Uji mwepesi wa soya, maziwa na supu iliyochujwa vinapita kwa mrija nyuma ya jino la mwisho, kidogokidogo, mara sita au saba kwa siku. Mimi nasisitiza zaidi mkasi wa kukatia nyaya: uning'inizwe kichwani pa kitanda usiku na mchana, na anayelala naye nimwonyeshe mwenyewe, kwa kidole, waya wa kukata kwanza akianza kutapika.