Eti mjini hakuna anayetaka kusumbuliwa?

Wengi tunaamini kwamba wema mdogo kwa mtu usiyemjua haumgusi, au atakuona tapeli. Basi tunauchuna. Mwaka 2022 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha majaribio yaliyopima jambo hilo. Kwenye uwanja wa barafu huko Chicago, watu walipewa kikombe cha chokoleti ya moto, wabaki nacho au wamgawie mtu wasiyemjua. Watoaji walikisia furaha ya mpokeaji kuwa ndogo kuliko alivyoieleza mwenyewe. Kumbe mtoaji anahesabu kikombe tu, wakati mwenzake anafurahia pia kujaliwa.

Sasa panda daladala ya Buzuruga, jijini Mwanza, jioni, imeshona. Mama kasimama, mtoto mgongoni, mkononi ndoo ya dagaa wa mwaloni Kirumba. Aliyeketi anasema tu, "Lete ndoo, mama," anaipakata hadi kituoni, harufu na yote. (Mtoto naye keshapakatwa na mwingine.) Hapo hakuna aliyesumbuliwa.

Hofu ya matapeli si ya kijinga. Anayekufuata stendi na dili la hela za simu, mkimbie. Ila anayekwambia zipu ya begi lako iko wazi hajaomba kitu.