Dawa za minyoo za Busia hazikupandisha alama

Jamani, imetosha. Kila warsha ya elimu hakosi mtu wa kusimama na kusema, "Profesa Kremer alishathibitisha kwamba dawa za minyoo zinapandisha alama." Hakuthibitisha. Makala ambayo Michael Kremer, mchumi, aliiandika na mwenzake Edward Miguel mwaka 2004, kuhusu jaribio la dawa hizo katika shule za Busia, magharibi mwa Kenya, inasema utoro ulipungua kwa angalau robo, na alama za mtihani hazikusogea. Hilo limo kwenye muhtasari. Wala huhitaji kufungua ukurasa wa pili.

Tena si profesa wa minyoo. Nadharia ya O-ring, ya uchumi, inayosema kosa dogo la hatua moja huharibu kazi nzima, aliiandika 1993, na ameshughulikia pia chanjo na usafi wa maji ya chemchemi. Nobel ya uchumi ya 2019, aliyopata pamoja na wachumi Banerjee na Duflo, ililenga njia ya majaribio, si vidonge.

Njia yenyewe ndiyo watu wanairuka. Tafiti nyingi za awali ziligawa dawa kwa kura ndani ya shule moja: huyu apewe, yule asipewe. Lakini mtoto aliyetibiwa haachi tena mayai ya minyoo kwenye udongo wa shule, kwa hiyo jirani yake wa dawati naye anapata nafuu bila kumeza chochote. Ukiwalinganisha hao wawili, dawa itaonekana haina nguvu, kumbe kundi lako la ulinganisho limeshachafuka. Ndiyo maana Busia kura ilikwenda kwa shule nzima: shule 75, mafungu matatu ya 25, la kwanza likaanza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna shule iliyoachwa moja kwa moja, zilisubiri zamu. Dawa ya minyoo ya tumbo ilitolewa kila miezi sita pale maambukizi yalipozidi asilimia 50, na ya kichocho mara moja kwa mwaka yalipozidi asilimia 30. Mahudhurio yalihesabiwa kwa ziara za kushtukiza. Rejista ya mwalimu? Tuiache.

Sasa yanayonikera mimi mwenyewe. "Kura" hiyo ilikuwa kupanga majina ya shule kwa alfabeti ndani ya kila zoni na kuhesabu moja, mbili, tatu. Sioni jinsi herufi ingebeba minyoo, lakini kura halisi ingetuokoa na mabishano. Halafu uchambuzi wa marudio wa 2015, uliokokotoa upya data zilezile, ulifichua kosa kwenye programu ya kompyuta: nafuu inayotoka kwa shule jirani zilizo kilomita 3 hadi 6 ilihesabiwa kwa shule 12 tu za karibu zaidi. Waandishi walilikubali. Ukizijumlisha zote, kosa sanifu (kipimo cha shaka iliyomo kwenye makadirio) la umbali huo linavimba hadi huwezi kusema kitu. Nafuu ya ndani ya kilomita 3 ilibaki.

Ufuatiliaji wa miaka 20 ulikuta mapato kwa saa ya waliotangulia kupata dawa yamezidi kwa asilimia 13. Nayaamini kwa Busia. Kwingine nasitasita: pale asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na minyoo, na mafuriko ya El Niño yakazidisha. Kwa hiyo kabla ya kunukuu Busia kwenye andiko la wilaya yako, leta hesabu ya mayai. Tumia Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa hadubini: kinyesi miligramu 41.7, zidisha kwa 24 upate mayai kwa gramu. Na sleidi isomwe ndani ya saa moja. Ukienda kwanza kunywa chai, gliserini itayafuta mayai ya safura na utaandika sifuri.