Hapana, RTD haikutangaza Uhuru wa 1961

Wanaoleta kanda za zamani za sauti, za rili, kunakiliwa huja na maneno yale yale: "Hii ni RTD, usiku wa Uhuru." Haiwezekani. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 hapakuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, wala hapakuwa na nchi inayoitwa Tanzania.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, redio ya mji, ikisikika Dar na jirani zake. Mwaka 1956 nafasi yake ikachukuliwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika, kwa herufi za Kiingereza TBC, na hilo ndilo lililotangaza Uhuru. RTD ilizaliwa Julai 1, 1965, shirika lilipovunjwa na redio kuwekwa chini ya serikali.

Hapo kosa huzaa kosa. Mtu akikuta boksi la ukanda limeandikwa "TBC 1961" huliweka kando akidhani limeghushiwa, kwa kuwa TBC anayoijua ni Shirika la Utangazaji Tanzania, la 2007. Herufi ni zile zile, mashirika ni mawili. Boksi la namna hiyo ndilo la kushika kwa mikono miwili!

Ila usiliamini boksi peke yake, maana ukanda ukinakiliwa huandikwa jina la aliyeunakili. Sikiliza mwanzo na mwisho, mtangazaji anapotaja kituo. Kisha sikiliza jina la nchi. Kuanzia Aprili 26, 1964 tulikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar; "Tanzania" ikawa jina rasmi Oktoba 29 mwaka huo. Mtangazaji akitamka "Tanzania" kwenye ukanda unaodaiwa wa 1961, kipindi hicho kimetengenezwa baadaye. Sauti ya Mwalimu ndani yake inaweza kuwa ya kweli kabisa, imepachikwa kwenye kipindi cha maadhimisho. Vaa spika za masikioni usikilize maungio: mvumo wa umati na mchakacho wa ukanda hukatika ghafla pale mtangazaji anapoingia, hurudi anaponyamaza.

Sauti ikitoka nyembamba na ya mbio kama ya mtoto, usiseme ukanda umeharibika. Umerekodiwa kwa sentimita 9.5 kwa sekunde nawe unaucheza kwa 19. Badili mwendo.

Dhana nyingine potofu kuhusu redio, kwa haraka.

Kwamba kila kilichorushwa kimehifadhiwa: hapana. Mengi yalikwenda hewani moja kwa moja, na kanda zilikuwa ghali, zikifutwa na kurekodiwa tena.

Kwamba AM ni masafa ya kati tu: AM ni namna ya kubebesha sauti kwenye wimbi, na masafa mafupi hutumia AM vilevile. Kama kioo cha redio kimeandikwa mita, gawanya 300,000 kwa mita hizo upate kilohazi (kHz). Mita 60 ni kilohazi 5,000.

Kwamba kituo kikisikika mbali usiku basi kimeongeza nguvu: mtambo ni ule ule. Mchana tabaka la chini la ionosfea, hewa ya juu sana yenye chaji za umeme, humeza masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, wimbi likapanda juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali.

Na hii ya "redio ya babu imekufa, haishiki kitu." Kabla ya kuifungua kuitengeneza, weka betri, itoe nje, mbali na chaja za simu na taa za LED, maana hizo hutoa mngurumo unaofunika masafa ya kati yote. Subiri giza liingie. Kama ni ya transista, izungushe taratibu: antena yake ni mche wa feraiti, kijiti cha kauri yenye usumaku, uliolala ndani, hushika vizuri ubavu wake ukielekea kituo, na huwa kiziwi ncha ikikielekea. Ikishika hata kituo kimoja cha mbali, ni nzima. Asiguse mtu skrubu za koili zake, kwa sababu zikihama namba za kwenye kioo hazilingani tena na masafa.